Modi ya data za makundi: jinsi ya kuitafuta hatua kwa hatua, na kwa nini ile fomula iko vile

Habari zenu wadogo zangu wa fomu 3 na fomu 4, na nyie mlioko chuo ambao takwimu imewarudia tena wakati mlidhani mmeshaachana nayo. Leo nataka tukae na kitu kimoja tu, modi ya data zilizopangwa kwenye makundi, maana nafundisha twisheni jioni na kila mwaka naona kitu kilekile, mtoto anakuja fomula kaishika kichwani vizuri kabisa, L jumlisha t1 gawanya kwa t1 jumlisha t2 mara i, anaitaja kama shairi, afu ukimpa swali anakosa. Akili anazo, shida ni kwamba hajui zile herufi zinakaa wapi kwenye mchoro. Mi naamini kabisa ukishauona mchoro, ukauchora kwa mkono wako mwenyewe na rula na penseli, hutachanganya tena t1 na t2 mpaka uzeeke.

Twende taratibu.

Modi ni kile kinachojirudia mara nyingi kuliko vingine, basi. Ukiwa na duka la viatu vya shule ukaandika saizi ulizouza leo, 37, 38, 38, 39, 38, 40, 37, 38, modi ni 38 na umemaliza, hakuna fomula hapo. Na muuza viatu anahitaji modi kuliko anavyohitaji wastani, kwa sababu wastani wa hizo saizi ni 38.125 na kiatu cha saizi hiyo hakipo, ila 38 ipo na ndo inayotoka sana, kwa hiyo akienda kuchukua mzigo mwingine anajua aongeze nini. Neno hili kwa maana ya kitakwimu alilianzisha Karl Pearson, yule mtaalamu wa takwimu wa Uingereza, mwaka 1895, na tutakutana naye tena huko chini maana ana njia moja nzuri sana ya kuhakiki jibu.

Sasa data zikiwa nyingi huwezi kuziorodhesha moja moja, unazipanga kwenye makundi, 30–39, 40–49 na kuendelea. Na hapo kuna kitu kinapotea ambacho watu wengi hawakifikirii, yaani ukishasema watu 15 wamepata kati ya 60 na 69, hujui tena nani alipata 61 na nani alipata 68, zile maksi zenyewe zimefutika, umebaki na hesabu ya vichwa tu. Kwa hiyo modi tunayoitafuta ni makadirio. Tunakisia, lakini tunakisia kwa akili, kwa kuangalia majirani wa kundi lililo refu kuliko yote. Shika hilo neno majirani, ndo siri yote ya hii mada.

Tuchukue mfano. Ni maksi za wanafunzi 50 kwenye jaribio la hesabu, namba nimezitunga mwenyewe kwa ajili ya somo:

30–39: watu 4
40–49: watu 7
50–59: watu 12
60–69: watu 15
70–79: watu 9
80–89: watu 3

Kabla hujafanya chochote jumlisha marudio, yaani idadi ya watu wa kila kundi, 4 na 7 ni 11, na 12 ni 23, na 15 ni 38, na 9 ni 47, na 3 ni 50. Imekubali. Usiruke hii, kama ulihesabu mwenyewe kwa vijiti (vile vinne vilivyosimama na cha tano kinalala juu yao) ni rahisi sana kuruka mtu mmoja, na mtu mmoja akiruka kwenye kundi la modi au jirani yake jibu lote linahama.

Hatua ya 1, tafuta kundi la modi

Angalia safu ya marudio, namba kubwa ni ipi? 15. Iko kundi gani? 60–69. Hilo ndo kundi la modi.

Na hapa kuna mtego wa kwanza, mtu anaandika modi ni 15. Hapana jamani. 15 ni idadi ya watu, modi ni maksi. Swali linauliza ni maksi zipi zimepatikana na wengi, halijauliza ni wangapi. Wengine wanaandika modi ni 64.5 kwa sababu ndo katikati ya kundi, hiyo sio ujinga, ni makadirio ya harakaharaka na kuna wakati yanatosha, lakini ukifanya hivyo umewadharau majirani, umejifanya kama jirani wa kushoto na wa kulia wako sawa wakati mmoja ana watu 12 na mwingine 9.

Hatua ya 2, tafuta L, mpaka halisi wa chini

Hapa ndo wengi wanapoachia maksi. Kundi limeandikwa 60–69 kwa hiyo mtu anachukua L ni 60. Sasa jiulize, kati ya 59 na 60 kuna nini? Kundi moja linaishia 59, linalofuata linaanzia 60, kuna pengo la 1 pale katikati. Mwanafunzi akipata 59.7 halafu mwalimu akaikadiria kwenda namba kamili anaandikwa 60, anaingia kundi la 60–69. Akipata 59.3 anaandikwa 59, anabaki chini. Mpaka wa kweli uko katikati ya pengo, 59 jumlisha 60 gawanya kwa 2, unapata 59.5. Ni kama uzio kati ya viwanja viwili, haukai kwako wala haukai kwa jirani, unakaa kwenye mstari.

Kwa hiyo L = 59.5.

Kuna binti mmoja wa fomu 3 aliniuliza mwaka fulani, sasa mwalimu mbona unatoa 0.5 kila mara, je kama data zina desimali? Swali zuri sana hilo na nilifurahi kwelikweli. Jibu ni kwamba usikariri kutoa 0.5, kariri kutafuta katikati ya pengo. Kama makundi ni 1.0–1.4, 1.5–1.9, pengo ni 0.1, mpaka ni 1.45, umetoa 0.05. Na kama makundi yameandikwa 300 hadi chini ya 400, 400 hadi chini ya 500, hakuna pengo kabisa, L inakuwa 400 yenyewe, hapo ukitoa 0.5 umeharibu.

Hatua ya 3, upana wa kundi, yaani i

Mtego mwingine. 69 toa 60 ni 9, mtu anaandika 9. Hesabu kwa vidole, 60, 61, 62, 63, 64, 65, 66, 67, 68, 69, vidole vyote kumi vimeisha. Upana ni 10. Njia ya uhakika ni kutoa mipaka halisi, 69.5 toa 59.5 ni 10, au kutoa mwanzo wa kundi moja na mwanzo wa linalofuata, 70 toa 60.

Hatua ya 4, t1 na t2

t1 ni kundi la modi toa jirani wa juu yake kwenye jedwali, yaani lile lililotangulia. 15 toa 12 = 3.

t2 ni kundi la modi toa jirani anayefuata. 15 toa 9 = 6.

Zote zinaanza na 15, na zote lazima zitoke chanya au sifuri. Ukipata hasi ujue hukuchagua kundi la modi sahihi, rudi hatua ya 1. Vitabu vingine vinaandika d1 na d2 badala ya t1 na t2, na zile video za walimu wa India utakuta f1, f0, f2 na h, wanaandika f1 toa f0, chini yake 2f1 toa f0 toa f2. Usiogope, ni kitu kilekile, f1 toa f0 ndo t1, na 2f1 toa f0 toa f2 ukiifungua ni t1 jumlisha t2, jaribu mwenyewe kwa namba zetu, 30 toa 12 toa 9 ni 9, na 3 jumlisha 6 ni 9.

Hatua ya 5, weka kwenye fomula

Modi = L + (t1 ÷ (t1 + t2)) × i
= 59.5 + (3 ÷ 9) × 10
= 59.5 + 3.33
= 62.83

Hiyo ndo modi. Angalia unavyoweza kukosa kwa mtego mmoja mmoja hapo: ukichukua L ni 60 unapata 63.33, ukichukua upana 9 unapata 62.5, ukigeuza t1 na t2 unapata 66.17. Majibu yote matatu yanafanana na jibu la kweli, yote yako ndani ya kundi, hakuna linalopiga kelele kwamba nimekosewa. Ndo maana nasema kukariri peke yake hakukulindi.

Sasa mchoro, na hapa naomba utulie

Chukua karatasi ya grafu. Mstari wa chini weka mipaka halisi, 29.5, 39.5, 49.5 mpaka 89.5. Mstari wa wima weka marudio. Chora nguzo zinazogusana, histogramu ya kawaida kabisa. Unaona nguzo ya 60–69 imesimama juu ya wote, kushoto kwake nguzo ya urefu 12, kulia kwake nguzo ya urefu 9.

Weka rula kwenye kona ya juu kushoto ya nguzo ndefu, ivute mpaka kona ya juu kushoto ya nguzo inayofuata, ile ya kulia yenye urefu wa 9. Piga mstari. Afu weka rula kwenye kona ya juu kulia ya nguzo ndefu, ivute mpaka kona ya juu kulia ya nguzo iliyotangulia, ile ya 12. Piga mstari. Mistari yote miwili imepita ndani ya nguzo ndefu na imekatana kama mkasi. Pale ilipokatana shusha mstari wima mpaka chini, usome namba. Itakuwa kidogo chini ya 63.

Sasa angalia ule mkasi vizuri. Kushoto kuna pembetatu, upande wake wa wima unaanzia kwenye bega la jirani, 12, mpaka juu ya nguzo ndefu, 15. Urefu wake 3. Hiyo ndo t1! Kulia kuna pembetatu nyingine, upande wake wa wima ni kuanzia 9 mpaka 15, urefu 6, hiyo ndo t2. Pembetatu hizi mbili zinafanana, kwa maana ileile mliyosoma fomu 2, pembe zake ni sawa kwa sababu zile pande za wima ni sambamba na ile mistari miwili inapita kati yao. Zikifanana basi uwiano wa pande ni sawa na uwiano wa vimo. Kimo cha pembetatu ya kushoto ni umbali kutoka L mpaka kwenye makutano, tuuite x. Kimo cha ya kulia ni kilichobaki, i toa x.

Kwa hiyo x ÷ (i − x) = t1 ÷ t2.

Zidisha kwa kukingamisha, x mara t2 ni sawa na t1 mara i toa t1 mara x, hamisha, x mara (t1 + t2) ni sawa na t1 mara i, gawanya, x = t1 × i ÷ (t1 + t2). Jumlisha na L. Umeitengeneza fomula mwenyewe! Hukupewa na mtu, umeitoa kwenye mkasi wa penseli. Siku ya kwanza nilipoona hivi nilikaa kimya dakika nzima nikiangalia ile karatasi, maana miaka yote nilikuwa naitumia tu bila kujua inatoka wapi.

Na kutoka kwenye mchoro unapata kipimo cha kuhakiki ambacho ni cha bure kabisa, modi inaegemea upande wa jirani mrefu. Jirani mrefu kwetu ni wa kushoto, 12 dhidi ya 9, kwa hiyo modi lazima iwe kushoto kwa 64.5. 62.83 iko kushoto, sawa. Yule aliyegeuza akapata 66.17, iko kulia, upande wa jirani mfupi, amekosea na angejua palepale bila kumsubiri mwalimu. Yule wa 63.33 na yule wa 62.5 hawakamatwi na kipimo hiki, wao dawa yao ni hatua ya 2 na ya 3.

Turudi kwa Pearson. Yeye aliona kwamba kwenye data ambazo zimepinda kidogo tu, modi inakaribia kuwa sawa na mediani (namba inayokaa katikati ukizipanga zote kuanzia ndogo hadi kubwa) mara 3 toa wastani mara 2. Kwa data zetu wastani ni 59.9 (chukua katikati ya kila kundi, zidisha kwa marudio, jumlisha, gawanya kwa 50) na mediani ni 60.83. Mara tatu ya 60.83 ni 182.5, mara mbili ya 59.9 ni 119.8, toa, unapata 62.7. Sisi tulipata 62.83. Karibu mno. Sio sheria, data zikipinda sana au zikiwa na vilele viwili haifanyi kazi, lakini kama swali limekuambia utafute vyote vitatu una njia ya kujipima.

Mfano wa pili, bila pengo

Mchuuzi wa samaki mwaloni Mwanza amepima sato 70 kwa gramu (namba za mfano tena), makundi ni kuanzia namba ya kwanza hadi chini ya namba ya pili:

100 hadi chini ya 200: 6
200 hadi chini ya 300: 14
300 hadi chini ya 400: 22
400 hadi chini ya 500: 19
500 hadi chini ya 600: 9

Haraka tu. Kundi la modi 300–400. Hakuna pengo kwa hiyo L = 300. Upana 100. t1 = 22 toa 14 = 8. t2 = 22 toa 19 = 3. Modi = 300 + (8 ÷ 11) × 100 = 300 + 72.7 = gramu 372.7. Jirani mrefu ni wa kulia, jibu limeegemea kulia kwa 350, imekubali. Na mchuuzi amejua samaki anayemjia sana ni wa gramu kama 370 hivi, ndo bei yake aipangie huyo.

Makundi yasiyo na upana sawa

Hii sehemu naiona imepuuzwa sana na inaniuma, kwa sababu kwenye maisha halisi ndo unayokutana nayo. Tuseme zahanati imeandika dakika ambazo wagonjwa walisubiri kabla ya kumwona daktari:

0–10: 8
10–20: 18
20–30: 24
30–60: 30
60–120: 12

Mtu ataruka na kundi la 30–60 kwa sababu lina 30. L ni 30, t1 ni 6, t2 ni 18, i ni 30, modi 37.5. Imetoka safi kabisa na ni makosa. Lile kundi lina watu wengi kwa sababu ni pana, limebeba dakika 30 wakati wenzake wamebeba 10 tu. Ni sawa na kusema ndoo kubwa imejaa maji mengi kwa hiyo bomba lake lina kasi. Lazima ugawanye, marudio kwa upana, upate watu wangapi kwa kila dakika moja:

0–10: 0.8
10–20: 1.8
20–30: 2.4
30–60: 1.0
60–120: 0.2

Unaona? Kilele ni 20–30. Sasa t1 na t2 zinatoka kwenye hizi namba mpya, t1 = 2.4 toa 1.8 = 0.6, t2 = 2.4 toa 1.0 = 1.4. Modi = 20 + (0.6 ÷ 2.0) × 10 = dakika 23. Tofauti na 37.5 ni karibu robo saa nzima, na kama wewe ndo unaandika ripoti ya ile zahanati, hiyo robo saa inabadilisha maamuzi. Na kwenye histogramu ni hivyohivyo, urefu wa nguzo ni marudio gawanya kwa upana, eneo la nguzo ndo idadi ya watu.

Yale maswali ambayo kila mwaka naulizwa

Je kama makundi mawili yanayofuatana yamelingana, tuseme ule mfano wetu wa maksi ungekuwa 12, 15, 15, 9? Watu wanachanganyikiwa wachukue lipi. Chukua lolote. La kwanza, t1 = 3, t2 = 0, modi = 59.5 + (3 ÷ 3) × 10 = 69.5. La pili, L = 69.5, t1 = 0, t2 = 6, modi = 69.5 + 0 = 69.5. Jibu moja! Modi imekaa mpakani katikati ya nguzo mbili zilizolingana, na ndipo panapoingia akilini iwe pale.

Kama yamelingana lakini yako mbalimbali, moja huku moja kule na bonde katikati, basi data ina modi mbili, zitafute zote kila moja na majirani zake na uzitaje zote. Mara nyingi hiyo inakuambia umechanganya watu wa aina mbili, mfano maksi za waliokuwa wanahudhuria na wasiohudhuria. Na kama makundi yote yana marudio sawa, hakuna modi, andika hivyo.

Kundi la modi likiwa la kwanza kabisa, halina jirani wa kushoto, unafanyaje? Kwenye mtihani weka jirani ni 0 uendelee. Lakini elewa unachofanya. Chukua umri wa watu, Tanzania ilihesabu watu 61,741,120 kwenye sensa ya 2022, na nchi yenye watoto wengi kama yetu kundi la miaka 0–4 ndo refu kuliko yote kwenye piramidi ya umri. Ukilazimisha fomula hapo kwa kuweka jirani 0, t1 inakuwa kubwa mno na modi inasukumwa mpaka karibu na miaka 4 na kitu, wakati ukweli nguzo zinashuka tu kadiri umri unavyopanda, hakuna kilima pale. Kwa data ya namna hiyo mi nashauri kwenye ripoti taja kundi la modi liishie hapo, sema kundi lenye watu wengi ni 0–4.

Na tukiwa hapohapo kwenye umri, kuna kitu hata walimu wenzangu tunabishana. Umri hatuukadirii, tunahesabu miaka iliyotimia. Mtoto wa miaka 4 na miezi 11 bado anaitwa wa miaka 4, haandikwi 5. Kwa hiyo mipaka halisi ya kundi la 5–9 sio 4.5 na 9.5, ni 5 na 10. Ile kanuni ya katikati ya pengo inafaa pale data ilipokadiriwa kwenda namba iliyo karibu, kama maksi, urefu, uzito. Swali la mtihani likija na umri bila maelezo wengi wanatumia 4.5 na sisi tunaifuata, ila kwenye kazi halisi tumia 5.

La mwisho, je ukibadilisha makundi modi inabadilika? Ndio, na hili nataka ulijue. Chukua zile maksi 50, ziunganishe mbilimbili: 30–49 watu 11, 50–69 watu 27, 70–89 watu 12. L = 49.5, t1 = 16, t2 = 15, i = 20. Modi = 49.5 + (16 ÷ 31) × 20 = 59.82. Watu walewale, karatasi zilezile, modi imehama kutoka 62.83 mpaka 59.82. Kwa hiyo ukitoa jibu useme na makundi uliyotumia, na usiandike desimali nne kana kwamba umepima kwa mizani ya dhahabu, mbili zinatosha.

Zoezi la kujipima, fanya na mchoro wake kabla hujaangalia jibu. Urefu wa miche 40 kwa sentimita, umekadiriwa kwenda sentimita iliyo karibu: 10–14 miche 3, 15–19 miche 8, 20–24 miche 14, 25–29 miche 10, 30–34 miche 5.

L ni 19.5, t1 ni 6, t2 ni 4, i ni 5, modi ni 22.5. Kama umepata 21.5 umegeuza t1 na t2. Kama umepata 23 ulichukua L ni 20. Kama umepata 21.9 ulihesabu upana ni 4.